Jina la Mama kwenye Karatasi ya Kaki

Kabla sijafika Durban, kazi yangu ilikuwa kusoma vifo. Nilikuwa mtangazaji wa redio ndogo kule Uvira. Kila siku saa kumi alasiri nilikaa mbele ya kipaza sauti na vikaratasi walivyoleta watu: familia ya fulani inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, habari ziwafikie kaka yake aliye Fizi, dada zake walio Bujumbura, shemeji yake aliye Kalemie. Nilisoma majina yote, hata yakifika thelathini. Niliwahi kuruka moja, na kesho yake mwenye jina alikuja hadi mlangoni kuniuliza kama mimi ndiye niliyemtoa kwenye ukoo. Tangu siku hiyo silichukulii jina la mtu kwa wepesi.

Durban hapakuwa na aliyehitaji mtangazaji. Niliuza makasha ya simu barabarani kwa miezi kadhaa, mpaka Mkongo mwenzangu wa kanisani, aliyekuwa akifanya kazi ya kung'arisha mawe, akaniita pembeni baada ya ibada.

"Kwetu ku kazi iko nafasi," alisema. "Lakini ni mawe ya makaburi. Hautaogopa?"

Nikamwambia wafu wameshanizoea.

"Basi uje kesho. Patro, mwenye kazi, ni mzee Muitaliano. Anapiga kelele, lakini ni mdomo tu."

Karakana iko Queensburgh, kwenye mteremko nyuma ya duka la matairi. Ukiingia unakuta mabamba ya graniti yameegemezwa ukutani kama watu wanaosubiri foleni, na vumbi limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya majani ya mpapai ulio uani. Mzee alizaliwa Italia, akaletwa huku na wazazi wake akiwa mtoto mdogo. Baba yake alikuwa mchonga mawe, na mke wake naye alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Sisilia. Walikuwa na binti mmoja, mhasibu, aliyehamia Johannesburg.

Siku hizi maandishi mengi ya makaburini huchongwa kwa mashine ya kupuliza mchanga. Mzee anayo, na anaitumia kazi zikizidi, lakini mteja akikubali kungoja hupewa maandishi ya mkono. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Kwanza maneno yote huchorwa kwa penseli kwenye karatasi ya kaki, kwa ukubwa uleule yatakaoonekana nao kwenye jiwe. Mteja huitwa, hutandikiwa karatasi mezani, husoma herufi moja moja, halafu husaini kwenye kona ya chini kulia. Bila saini hiyo patasi haigusi jiwe. Mzee alikuwa akisema karatasi unaweza kufuta, graniti huwezi kuiomba msamaha. Kazi ikiisha, karatasi huviringishwa na kuwekwa kwenye rafu. Siku niliyoanza, rafu zile zilikuwa na mizunguko ya karatasi ya miaka arobaini, imesongamana bila mpango wowote.

Niliajiriwa kubeba. Wiki ya pili mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, hapakuwa na cha kubeba, nikaanza kuipanga mizunguko ile kwa alfabeti, kila mmoja na kibandiko chake. Siwezi kukaa karibu na vitu vilivyovurugika. Mzee alitoka ofisini, akasimama nyuma yangu kitambo.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, bwana."

"Mke wangu ameniomba nifanye hivyo tangu binti yetu hajaota meno." Akachukua mzunguko mmoja, akausoma, akacheka peke yake. "Unajua huyu jina lake lina maana gani? Jogoo. Wote wa ukoo huu ni Gallo, majogoo. Na alikuwa mtu mpole, hakuwahi kuwika hata siku moja."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Wateja wake wengi wa zamani walikuwa Waitaliano wa Durban na vitongoji vyake, na kila mzunguko niliouinua ulikuwa na jina la ukoo ambalo yeye alijua limetoka wapi. Nilinunua daftari. Nilikuwa mwandishi wa habari asiye na habari, na sasa nimepata.

Niliyagawa majina kwa makundi. Kuna yanayotokana na kazi: Ferraro ni mhunzi, Barbieri ni kinyozi, Sartori ni fundi cherehani. Kuna ya sura ya mtu: Rossi na Russo, watu wa nywele nyekundu, Bianchi, weupe, Ricci, wenye nywele za kujikunja. Yule mng'arishaji, akisikiliza huku amejifunga kitambaa puani, alidai hilo la mwisho wamepewa wazungu kimakosa, lilipaswa kuwa letu. Kuna ya mahali mtu alikotoka, kama Romano. Kuna ya baba, kama De Luca, wa Luka. Na kuna kundi nililolipenda kuliko yote, majina yaliyo sentensi nzima: Bentivoglio, nakutakia mema; Diotallevi, Mungu akulee. Jina la mzee mwenyewe lilikuwa la kundi hilo. Maana yake ni "kunywa maji."

"Na nani amewahi kumuona patro na glasi ya maji?" alisema mng'arishaji. "Mimi hapana. Miaka kumi na moja."

"Maji ni ya kupoza jiwe," mzee alijibu. "Jina ni la babu zangu, na divai ni yangu."

Nililipenda kundi hilo kwa sababu linafanana na ya kwetu. Kwetu jina ni sentensi. Mtoto huzaliwa, wazazi hutazama lililokuwa likiendelea nyumbani siku hizo, na wanalisema kwa jina lake. Mtoto wa pili huzaliwa siku nyingine, na mambo mengine, hivyo jina lake ni jingine. Sisi ni sita, baba mmoja mama mmoja, na hakuna hata wawili tunaofanana majina. Mzee aligundua hilo nilipoomba ruhusa ya kwenda harusi ya kaka yangu na kumwonyesha kadi.

"Huyu si kaka yako. Jina lake siyo lako."

"Ni kaka yangu, bwana. Kanitangulia miaka miwili."

"Basi mmoja wenu amekosea kujaza fomu."

Nikamwelezea. Aliketi juu ya bamba la graniti, akavua miwani.

"Watoto sita, majina sita! Sasa mnajuanaje?"

"Tunajuana tu, bwana. Tumekula sahani moja."

Alinipa ruhusa, lakini jioni nilimsikia akimsimulia mkewe kwenye simu kama mtu aliyeona ajali.

Mkewe tulimwita Mama. Walikuwa wakiishi Glenwood, kwenye nyumba ya zamani yenye veranda ya mbao, na juu walipangisha vyumba kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kila asubuhi saa nne aliendesha gari mpaka Queensburgh na chupa ya kahawa na biskuti ngumu za lozi, akatuketisha wote watatu kwenye benchi moja, mzee katikati ili asinyanyue sauti. Alikuwa mfupi, anavaa viatu vya raba vya wanaume, na alikuwa akiuliza swali na kungoja jibu. Watu wengi huuliza bila kungoja.

Siku moja mzee alikuwa amekwenda kupima kaburi, na mng'arishaji yuko nje anaosha mashine. Mama aliniuliza jina langu lina maana gani.

"Furaha," nilisema.

Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wote Durban. Ni jibu fupi, watu wanalipenda.

"Umeangalia kiatu chako," alisema.

"Samahani, Mama?"

"Kila mtu akiniambia uongo huangalia kiatu. Mume wangu yuko hivyo hivyo. Sema tena."

Nikamwambia ukweli. Jina langu maana yake ni "Wananichukia." Mama yangu alilitoa wakati ndugu za baba hawakumtaka. Walisema ameleta mikosi, kwa sababu watoto wawili waliomtangulia kaka yangu walikufa wachanga. Hakuweza kujibizana nao, alikuwa bado mgeni kwao. Nilipozaliwa mimi akanipa jina lile, na kila wakwe walipotaka kunituma dukani iliwabidi waseme kwa midomo yao wenyewe wanavyomfanyia. Mimi ndiye niliyebeba ugomvi ule hadi shuleni, hadi kwenye redio, hadi kwenye ofisi za wakimbizi.

Mama alicheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyekutana na jamaa yake kituo cha mabasi.

"Mama yako ningempenda," alisema. "Sasa na mimi nikuambie langu. Siyo hili la kunywa maji. La kwetu."

La kwao lilikuwa Trovato. Nilikuwa sijalikuta kwenye mizunguko. Aliniambia maana yake ni aliyeokotwa. Zamani, alisema, nyumba za watawa zilikuwa na pipa la mbao lililopachikwa ukutani, linalozunguka. Mwanamke aliyeshindwa kumlea mtoto alimweka humo usiku, akalizungusha, akapiga kengele na kuondoka. Wa upande wa pili akampokea bila kumuona aliyemleta. Watoto hao walipewa majina ya kufanana. Naples waliitwa Esposito, aliyewekwa nje. Roma waliitwa Proietti, aliyetupwa. Kwao Sisilia, wengi waliitwa Trovato.

"Babu wa baba yangu alipita humo kwenye pipa. Hakuna anayejua zaidi ya hapo. Waitaliano wenzetu hapa kila mmoja ana babu mhunzi au babu kinyozi. Sisi babu yetu ni pipa."

Hapa Durban, Mama alipokuwa na miaka minane, mtu mmoja aliyekuwa akiwafundisha katekisimu aliwaeleza watoto wa Kiitaliano maana za majina yao, mmoja mmoja, kwa nia njema. Alipofika kwake hakuruka. Kuanzia Jumapili ile wenzake walimpigia kengele kwa midomo kila alipopita: ding, ding. Alipoolewa alilikimbilia jina la mume, na binti yake alipomuuliza la kwao alijibu kwamba halina kazi tena.

"Na sasa?" nilimuuliza. Mazoea ya kazi yangu ya zamani.

Alimimina kahawa iliyobaki kwenye kikombe changu.

"Sasa nina miaka sabini na sita, na wote waliokuwa wakinipigia kengele nimekwenda kwenye mazishi yao. Mume wangu amewachongea mawe. Nichoree jina langu. Nataka kuliona lilivyo."

Wakati huo mzee alikuwa ameshanifundisha kuchora herufi. Nilitandika karatasi ya kaki, nikapiga mistari miwili, nikachora jina lake la ubatizo, la ukoo wa kwao, na chini yake la mume, kama wanavyoandikwa wanawake kwenye makaburi ya Italia. Kule mwanamke haachi jina la kwao akiolewa. Alisimama ng'ambo ya meza mikono mgongoni, kama mteja yeyote. Akapitisha kidole herufi moja moja. Kisha akachukua penseli yangu, akasaini kwenye kona ya chini kulia: Trovato.

"Viringisha," alisema. "Weka mahali pake. Na usimwambie mzee wangu bado. Ataanza kuchagua jiwe kabla sijafa."

Nikaahidi. Niliuweka mzunguko ule kwenye herufi T, bila kibandiko.

Tulikunywa kahawa yake miaka mingine mitatu. Mwaka jana moyo wake ulisimama akiwa bustanini kwake Glenwood, Jumamosi asubuhi. Mzee alifunga karakana wiki mbili. Aliporudi alikuja na kahawa mwenyewe, mbaya sana, na sisi tuliinywa yote.

Jiwe lake alilichagua mapema: graniti ya kijivu, siyo nyeusi, kwa sababu Mama alisema nyeusi inamrudishia uso wake kama kioo cha saluni. Lakini miezi sita ilipita jiwe limeegemea ukuta bila herufi hata moja. Sababu tuliijua wote. Binti alikuja kutoka Johannesburg kila baada ya wiki kadhaa, na kila alipokuja walibishana ofisini mlango ukiwa wazi.

"Kwetu mwanamke anazikwa na jina lake," mzee alikuwa akisema. "Mama yangu aliandikwa hivyo. Bibi yangu aliandikwa hivyo."

"Baba, alilificha maisha yake yote. Nililijua nilipokuta cheti chake cha ndoa. Alinyang'anya karatasi mkononi mwangu. Alinyang'anya! Unataka kulitundika makaburini, kila mtu asome?"

"Hakuna anayejua maana yake siku hizi."

"Yeye alijua."

Hapo kila mara mzee alitoka nje kwenda kunoa patasi zake. Tarehe ya kulifunua jiwe ilikuwa imeshapangwa na kanisa, Jumapili ya tatu ya mwezi uliofuata, na kuchonga kwa mkono kulihitaji siku nne. Siku ya Jumatano kabla ya hapo alisimama mbele ya lile bamba, penseli sikioni, akaniambia bila kunitazama:

"Rafiki yangu, chora jina langu tu. La ukoo wa mume, basi. Huenda binti ana haki. Sikuwahi kumuuliza. Miaka hamsini na moja, sikuwahi kumuuliza."

Nilichukua karatasi ya kaki, nikaitandika. Nikapiga mistari. Mng'arishaji alikuja karibu na ndoo yake. Yeye hakujua lolote, lakini aliniona mkono umesimama.

"Eish, kaka, iko nini? Umesahau alfabeti?"

Nilikuwa nimeahidi, na mwenye ahadi hayupo wa kunifungulia. Ila alikuwa amesema "bado." Nilipokuwa redioni nilijifunza kusikiliza maneno kama hayo. Mtu akisema "usitangaze bado," ana siku anayoingoja. Siku ya Mama ilikuwa imeshapita miezi sita, nami nimekaa na kikaratasi chake sijakisoma. Nikakumbuka yule mtu wa mlangoni kule Uvira.

Nikaenda kwenye rafu, herufi T, nikautoa mzunguko usio na kibandiko, nikautandika mezani juu ya ile karatasi tupu. Kona zilikuwa zikijiviringisha. Nikaziwekea nyundo mbili na patasi.

Mzee alisoma kutoka juu. Alipofika kona ya chini kulia alivua miwani, akaifuta kwa shati lenye vumbi, akaivaa ikiwa chafu zaidi.

"Lini?"

"Ni miaka mitatu na miezi, bwana. Wewe ulikwenda kupima kaburi. Alisema nisikuambie, utaanza kuchagua jiwe."

"Ningeanza," alisema mzee. "Siku hiyohiyo."

Akamwita binti, aliyekuwa ofisini na simu sikioni. Alikuja akiwa bado anaongea, akaitazama karatasi, akasahau kuikata simu. Tuliisikia sauti ya mtu wa Johannesburg ikiuliza haloo, haloo.

"Nani kachora hii?"

"Mimi," nilisema. "Aliniomba."

"Ulimshawishi? Baba alikutuma?"

"Hapana. Nilimwambia maana ya jina langu, naye akaniambia la kwake."

"Na lako lina maana gani?"

Nilihisi macho yangu yakitaka kushuka. Nikayazuia. Nikamwambia.

Hakucheka kama mama yake. Aliinama juu ya meza, akaisogeza patasi, akaitazama ile saini kwa karibu. Herufi T ilikuwa na mkia mrefu, ukipita chini ya herufi zote mpaka mwisho.

"Huu ni mwandiko wake wa ujana," alisema polepole. "Kwenye cheti cha ndoa ndivyo alivyosaini. Mkia huu huu. Sikuuona tena popote." Kisha akamgeukia baba yake, na sauti ilikuwa ya mtoto anayeuliza njia. "Alikuwa anacheka? Alipokuwa akisaini?"

Mzee hakuwepo, hakujua. Alinitazama mimi.

"Alikuwa amesimama pale, mikono mgongoni," nilisema. "Alisoma herufi moja moja kwa kidole. Kucheka, alicheka kabla ya hapo, nilipomwambia jina langu, halafu akasema babu yenu ni pipa."

Binti aliziba mdomo kwa mkono. Sikujua kama analia au anacheka, mpaka mabega yalipotulia na nikaona ni vyote viwili. Alichukua penseli sikioni kwa baba yake, kama anayetaka kuandika kitu kwenye ile kona.

Mzee akaishika penseli upande wa pili.

"Hapana," alisema. "Mteja ameshasaini."

Tulilichonga siku nne. Jina la ubatizo na la mume aliyachonga mzee mwenyewe. La kwao, Trovato, alinipa mimi, na binti hakurudi Johannesburg. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na jiwe, akipeperusha vumbi kwa brashi ya rangi kila nilipoinua patasi. Siku ya pili aliniletea kahawa. Siku ya tatu aliniuliza Trovato ni nini kwa Kiswahili, nikamwambia "aliyeokotwa," akalirudia mpaka mng'arishaji akampa alama tisa kwa kumi.

Jumapili, kitambaa kilipotolewa, wazee wachache wa Kiitaliano waliobaki walisogea kusoma, kama watu wote wanavyofanya makaburini. Mwanamke mmoja mwenye fimbo alilisoma jina la kwao kwa sauti, akamtazama binti.

"Sikujua mama yako alikuwa Trovato," alisema. "Bibi yangu pia alikuwa wa pipa. Nyumbani hatukulisema."

Binti akamshika mkono, akamsogeza karibu na jiwe ili aziguse herufi. Mimi nilikuwa nyuma na mng'arishaji, tumevaa makoti ya kanisani, na nilitoa daftari langu mfukoni. Ukurasa wa jina lake nilikuwa nimeuacha wazi miaka yote hiyo. Niliandika jina, nikaandika maana yake, na kwa kuwa nafasi ilibaki chini, nikaandika na langu, na maana yake ya kweli.

"Unaandika nini tena?" mng'arishaji alininong'oneza. "Hata huku?"

"Majina," nilimwambia.